Matanga ya Nyamizi Hayajavunjwa

Nchi yetu haina ugonjwa. Naanza na sentensi hiyo ili kama aliyeshika karatasi hii ni afisa, aisome, aridhike, na aende kunywa chai yake. Sisi wengine tuendelee.

Ugonjwa ulikuwepo, lakini ulikuwa nje. Redio za majirani zilisema watu wanakohoa, wanabanwa kifua, wanatafuta pumzi hawaipati, wanakufa. Mlezi Mkuu wa Taifa aliwasikitikia sana majirani. Alipanda jukwaani katika uwanja wa mpira, akavuta pumzi ndefu mbele ya kipaza sauti mpaka spika zikapiga mluzi, kisha akaitoa taratibu.

"Mmesikia?" akasema. "Hiyo ndiyo hewa ya nchi huru."

Tukapiga makofi. Waliokuwa karibu na jukwaa walipiga makofi huku wakikohoa, lakini jioni redio ilitueleza kwamba zile zilikuwa shangwe zilizopitia kooni.

Ndipo ikaja Sheria ya Uso Wazi. Barakoa zikapigwa marufuku, kwa kuwa, kama alivyofafanua Waziri wa Afya Iliyopo, mtu anayeficha pua yake anaitukana hewa ya taifa. Jina la ugonjwa nalo likapigwa marufuku, usije ukasikia unaitwa ukaitika. Chanjo zililetwa na nchi rafiki. Serikali ikazipokea kwa heshima zote na kuzifungia katika majokofu ya Ikulu zisije zikamdhuru mwananchi. Muda si mrefu tukaona kwenye magazeti mawaziri wote wanapunga mkono wa kulia tu. Wa kushoto ulikuwa umevimba begani. Msemaji akasema ni mbu, na kwamba mbu wa Ikulu huuma mahali pamoja kwa sababu wana nidhamu.

Jambo moja sheria haikuligusa, nalo ni mila za msiba, maana Mlezi Mkuu anazipenda mno mila. Kwetu, mfiwa hufunga kitambaa cheupe usoni, chini ya macho, kikafunika pua na mdomo. Anakifunga siku ya maziko na hakivui mbele za watu mpaka matanga yavunjwe. Na mfiwa si ndugu wa damu peke yake. Yeyote aliyeingia uani, akatoa pole na kula tonge la ugali wa msiba, huyo amefiwa.

Matanga yenyewe huvunjwa kwa wasifu wa marehemu. Sehemu ya kwanza, kuzaliwa kwake, na ya pili, kazi zake, husomwa kaburini. Ya tatu husema aliugua nini na alikufaje. Hiyo huachwa mpaka siku ya mwisho, na husomwa kwa sauti na mfiwa wa karibu kuliko wote. Likishatoka neno la mwisho, watu hufungua vitambaa kwa pamoja, vinafuliwa, kila mtu anakwenda kwake.

Walioandika Sheria ya Uso Wazi waliweka maneno mawili mwishoni: isipokuwa wafiwa. Hawakufikiria kwamba tungekuwa wengi.

*

Mke wangu Nyamizi alikuwa fundi cherehani. Alishona barazani kwetu, nami nilikaa pembeni yake na pasi ya mkaa, nikinyoosha alichoshona. Sikuwa msemaji. Katika baraza ile maneno yalikuwa ya kwake, mvuke ulikuwa wangu.

Ilipopita sheria, Nyamizi alianza kushona vitambaa vya msiba. Vya kwake vilikuwa na tabaka mbili na mpira wa kushika masikioni. Mdogo wake, Masanja, alikuwa Mhamasishaji wa Uso Wazi katika mtaa wetu. Alikuwa amepewa fulana ya kijani na kipaza sauti cha mkononi, na kila asubuhi alipita akitangaza: "Pumua kwa kujiamini!" Siku moja alisimama barazani, akakiokota kimoja.

"Dada, hii ni barakoa."

"Ni huzuni hiyo," Nyamizi akasema, mguu wake haujatoka kwenye kanyagio. "Nashona huzuni. Ukitaka yako, sema nikupime."

"Utanifukuzisha kazi. Ina mpira!"

"Ni kwa wenye huzuni nzito. Isiwadondoke."

"Shemeji," Masanja akanigeukia, "mwambie mkeo."

"Nitamwambia," nikasema, na nikaendelea kupiga pasi.

"Na hizo chanjo mnazozitamani," Masanja akaendelea, "mnajua aliyechanjwa kule ng'ambo ananasa vijiko? Ukimpitishia kijiko kifuani kinabaki hapo hapo."

"Basi wakanichanje leo," Nyamizi akamjibu. "Vijiko vyangu vyote uliviazima wewe kwenye harusi yako."

Hata mimi nilicheka. Masanja naye alicheka, akasahau amekuja kukemea, akakaa akala muhogo. Hivyo ndivyo walivyokuwa, hao wawili.

*

Ili sehemu ya tatu ya wasifu isije ikataja kitu kisichokuwepo, serikali iliunda Idara ya Sababu, na kila wilaya ikapewa Afisa Sababu. Wetu alikuwa Bwana Tindwa, mtu mpole, mwenye suti ya rangi ya udongo, aliyekuja misibani na kiti chake mwenyewe cha kukunja. Kazi yake ilikuwa kuipa familia sababu ya kifo, kwa kuwa familia, alisema, huwa na uchungu na hazioni vizuri.

Tulimwona akiwa kazini alipofariki Mwalimu, mume wa jirani yetu Mama Kabula. Mwalimu alikohoa, akabanwa kifua, akafa ameketi, kwa sababu akilala alikosa pumzi. Bwana Tindwa akakunjua kiti, akamsikiliza mjane mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Alikula haraka," akasema.

"Hakuwa anakula kabisa, baba. Uji tu, tena kijiko kimoja."

"Ndiyo hasa. Akawa na njaa. Alipokula, akala haraka."

Siku ya kuvunja matanga Mama Kabula alisimama mbele yetu na kusoma kwamba mumewe, aliyefundisha watoto wa mtaa huu wote, aliondoka duniani kwa kula haraka. Tukafungua vitambaa. Mama Kabula alikuwa wa mwisho kufungua, na alipofungua tuliona alikuwa ameuma mdomo mpaka umechanika.

Tukirudi nyumbani Nyamizi alinishika mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya njiani.

"Mahona, siku yangu ikifika, nisemee kweli."

"Acha maneno hayo."

"Sitaki kula haraka. Sitaki upepo wa dirishani, wala sababu nyingine ya Tindwa. Utasimama, useme lile neno lenyewe. Wewe huongei, najua, lakini hilo moja utaliongea."

Nikamwambia nitaliongea. Ilikuwa ahadi rahisi. Alikuwa na nguvu, anatembea haraka kuliko mimi.

*

Hospitali ya wilaya ilikuwa na Wodi ya Waliochoka. Kwanza waliiongezea vitanda, kisha wakaiongezea korido, kisha ukumbi wa mikutano na jukwaa lake. Nyamizi alilazwa kwenye jukwaa, chini ya picha ya Mlezi Mkuu anayevuta pumzi.

Muuguzi aliyekuja kumpima alikuwa amefunga kitambaa cheupe.

"Pole, binti," nikasema. "Umefiwa?"

"Ndiyo, baba."

"Na nani?"

Akavitazama vitanda kutoka huku mpaka kule. "Bado sijajua," akasema.

Mtungi wa oksijeni ulikuwepo, tena mpya, umefungwa utepe. Ulikuwa umewekwa kwa ajili ya ziara ya Waziri, na funguo zake zilikuwa na Waziri. Niliomba. Niliambiwa ziara imeahirishwa kwa sababu Waziri amechoka.

Masanja alikuja na fulana yake ya kijani, akakaa miguuni pa dada yake, akawa anamsugua nyayo. "Uchovu tu huu, dada," alikuwa akisema. "Umeshona mno. Uchovu tu." Nyamizi alimtazama kwa macho yale yale ya barazani. Alitaka kumtania, nilimwona anakusanya pumzi kwa ajili hiyo, ikawa haitoshi. Akaniangalia mimi badala yake. Hakuhitaji kusema. Nilijua ananikumbusha nini.

Alikufa mchana, watu wakiwa wanakula.

*

Kaburini nilisoma kuzaliwa kwake na kazi zake. Sauti yangu haikufika safu ya pili. Kisha tukarudi nyumbani, tukafunga vitambaa, na Bwana Tindwa akakunjua kiti chake uani kwangu.

"Bwana Mahona, pole sana. Marehemu tumemtafutia sababu ya heshima. Uchovu wa kushona."

"Hapana," nikasema.

Alinisogelea, nadhani hakuwa amesikia vizuri. "Hukuipenda? Tunaweza kuweka moshi wa pasi."

"Pasi ilikuwa yangu. Mimi niko hai."

"Basi wewe unataka nini?"

Nikamwambia neno ninalolitaka. Bwana Tindwa akaangalia nyuma, kisha juu, kama vile neno lile lingeweza kuonekana linaruka. "Hilo halipo," akasema kwa upole. "Mtu hawezi kufa kwa kitu ambacho hakipo. Fikiria gharama kwa taifa."

"Basi sitasoma," nikasema. "Nitasubiri mpaka liwepo."

Siku ya kuvunja matanga ilifika, ikapita. Sikusimama. Watu walioketi mikekani walitazamana juu ya vitambaa vyao. Sehemu ya tatu haikusomwa, na isiposomwa matanga hayavunjwi, na yasipovunjwa hakuna anayeruhusiwa kufungua uso. Hiyo ndiyo mila, na mila haikuguswa.

Wa kwanza kuelewa alikuwa Mama Kabula. Alinyanyuka, akaenda sokoni na kitambaa chake usoni, akanunua dagaa mbele ya askari, akarudi.

"Wamenisimamisha," akatuambia. "Nimewaambia nimefiwa na Nyamizi, matanga bado. Wamesema pole."

Kisha mtu mmoja akacheka ndani ya kitambaa chake, kicheko kidogo, cha kwanza tangu maziko.

*

Kesho yake alikuja mtu kutoka mtaa wa pili. Keshokutwa walikuja wengi. Walitoa pole, wakala tonge, wakapewa kitambaa kutoka kwenye gunia la salfeti aliloliacha Nyamizi limejaa, wakaondoka wakiwa wafiwa. Mama Kabula alikaa getini na ndoo ya maji na sabuni, akiwapanga. "Kaeni mbalimbali," aliwaambia. "Kila mtu na huzuni yake."

Serikali ikatuma askari kuhoji wanaoingia, kwa kuwa msiba wa uongo ni kosa.

"Marehemu alikuwa nani kwako?"

"Alinipunguzia suruali."

"Na wewe?"

"Alikataa kunipunguzia. Alisema imekwisha. Naumia mpaka leo, afande."

Haikuwa kwamba wote waliokuja walikuwa na akili moja. Uani kwangu palibishaniwa kuliko bungeni. "Kitambaa nitafunga, lakini sindano hapana," alisema mama mmoja. "Sijui wameweka nini humo." Mwenzake akamjibu: "Na hiyo dawa ya kuongeza makalio uliyoinunua stendi, ulijua wameweka nini?" Mwingine alikunywa maji ya majani fulani kila saa na hakutaka kusikia kingine. Mama Kabula aliwaacha wabishane, ili mradi wabishane wakiwa wamefunga. Nje ya uzio walisimama Vijana wa Uso Wazi, wakipumua kwa nguvu kwa pamoja kutuonyesha inavyofanyika. Kila asubuhi walikuwa pungufu kidogo. Hatukuuliza. Siku nyingine tulimwona mama wa mmoja wao amejipenyeza getini, ameshika tonge.

Redio ilitangaza kwamba taifa lina uhaba wa furaha. Waziri wa Afya Iliyopo alipendekeza wafiwa wapimwe machozi, na asiye na ujazo wa kutosha avuliwe kitambaa. Kikosi cha Kupima Machozi kilifika mtaani na vikombe vidogo. Siku hiyo malori yalikuwa yanapita kwenda makaburini, moja nyuma ya jingine, na kikosi kiliondoka kwa sababu vikombe vilijaa. Mmoja wa wapimaji alirudi peke yake akaomba tonge.

Bwana Tindwa aliendelea kuja, na kila alipokuja sababu ilikuwa imepandishwa cheo. Alileta moyo mkubwa. Alileta mapenzi ya mume. Mwishoni alileta uzalendo: Nyamizi alikufa kwa uzalendo, angepewa mtaa uitwe jina lake.

"Mtaa uende wapi?" nikamuuliza.

"Hilo halijaamuliwa."

*

Masanja hakufunga kitambaa. Ndugu wa damu, tumbo moja, na alipita nje ya uzio na uso wazi na kipaza sauti mkononi. Wakubwa wake walikuwa wanamhoji kila siku. Asubuhi moja aliingia, akasimama mbele yangu.

"Shemeji, soma. Soma chochote. Wananiambia msiba huu ni wa dada yangu, kwa hiyo fujo hii ni yangu."

"Aliniomba nisemee kweli, Masanja."

"Mimi nilikuwepo pale! Nilimsugua miguu! Unadhani sijui alikufa na nini?"

Uani kote watu wakainua vichwa. Masanja akatuona tunamtazama. Alikuwa amesema kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba anajua. Akataka kuendelea, akaanza kukohoa, na kukohoa kule hakukuisha. Kilikuwa kikohozi kikavu, kirefu, ninachokifahamu. Kipaza sauti alichokishika kilikuwa hakijazimwa, kwa hiyo mtaa mzima ulikisikia, uani mpaka sokoni.

Mama Kabula alinyanyuka kutoka getini, akachukua kitambaa kwenye salfeti, akamfunga yeye mwenyewe, kama mtu anavyomfunga mtoto.

"Dada yako alikupimia," akamwambia. "Kaa kule kwenye mkeka wa mwisho, peke yako. Uji nitakuletea."

Masanja akakaa. Akavua fulana ya kijani, akaikunja, akailalia.

*

Jana Bwana Tindwa alikuja bila kiti. Alikuja na gari la matangazo, na bendi, na mpiga picha, na lori la askari lililobaki nje na injini inanguruma. Uso wake ulikuwa unang'aa jasho. Akanikumbatia.

"Bwana Mahona, umeshinda! Serikali sikivu imekusikia. Neno lako limekubaliwa."

"Lipi?"

"Lile lile. Kwa leo tu, kwa marehemu huyu tu, lipo." Akashusha sauti. "Usome wasifu, sehemu ya tatu, neno lenyewe, kwa kipaza sauti. Nchi nzima inasikiliza. Kisha matanga yavunjwe, kama mila inavyotaka. Mlezi Mkuu anaziheshimu sana mila."

Nikasimama. Bendi ikanyamaza. Nilikuwa na karatasi mfukoni tangu siku ya maziko, na ile sehemu ya tatu ilikuwa mstari mmoja tu. Hiki ndicho alichoniomba Nyamizi, njiani, mkono wake umeshika wangu. Sikutakiwa hata kukipigania. Nilitakiwa kufungua mdomo tu.

Nikawatazama. Uani, juu ya ukuta, barabarani mpaka kwenye kona ya mashine ya kusaga, macho juu ya vitambaa vyeupe. Baadhi ya vitambaa ni mimi niliyevipiga pasi. Nje, askari walikuwa wanashusha kutoka kwenye lori magunia matupu, marefu, na nikaelewa ni ya kukusanyia vitambaa, papo hapo, neno la mwisho likishatoka. Kwenye mkeka wa mwisho Masanja alikuwa anahema. Kati yake na mama mwenye mtoto mgongoni hapakuwa na kitu kingine ila kile kipande cha nguo ambacho dada yake alikiita huzuni.

Nikajaribu kumsikia Nyamizi angesema nini. Nilichosikia ni mguu wake kwenye kanyagio, haujasimama.

"Soma, Bwana Mahona," Bwana Tindwa akanong'ona. "Tumekupa neno."

"Nashukuru," nikasema kwenye kipaza sauti, na mara hii sauti yangu ilifika mpaka kwenye mashine ya kusaga. "Namshukuru Mlezi Mkuu. Lakini bado nalia."

Nikakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Walijifunga vizuri zaidi, ule mlio mdogo wa mipira kwenye masikio, watu wengi kwa wakati mmoja. Bwana Tindwa alibaki amesimama. Alifungua mdomo kuwaambia askari jambo, kikatoka kikohozi. Akaufunga. Akautazama mkono wake alioutumia kuziba, akaufuta kwenye suti.

Kisha akaenda getini taratibu, akasimama mbele ya Mama Kabula.

"Marehemu alikuwa nani kwako?" Mama Kabula akamuuliza.

Bwana Tindwa hakuwa na sababu.

Mama Kabula alimpa tonge hata hivyo.

*

Lori halijaondoka. Asubuhi hii yameongezeka mengine, na redio inasema leo kutakuwa na tangazo kuhusu mila. Salfeti ya Nyamizi iko karibu tupu. Masanja amekunywa uji kidogo, akaniuliza kama dada yake alikuwa amemkasirikia. Nimemwambia alitaka kumtania, akaishiwa pumzi. Amegeukia ukutani.

Mimi naandika. Mila inataka sehemu ya tatu isomwe kwa sauti. Kuhusu kuiandika haikusema kitu. Kwa hiyo naiandika hapa, ili iwepo siku ambayo sitakuwepo wa kuisoma, na wewe uliyeifikia nakuomba uisome kimya kimya, midomo isicheze, maana ikisikika matanga yatavunjika na watu hawa watafunguliwa nyuso.

Nyamizi binti Kashindye, fundi, mke wangu, alikufa kwa korona.